Sauti ya Osundwa Ndani ya Pijo

Kakamega nzima hakuna redio imewahi kunishinda. Na wafu siwaogopi! Mimi ndiye yule MC wa matanga anayeiga sauti ya marehemu hadi mjane anacheka huku analia.

Hiyo muishike vizuri. Mtanirudishia baadaye.

Krrrrrr!

Hapa kibandani kwangu Lurambi, redio ya gari ilikuwa imetafuna kanda. Kanda ya mtu aliyekufa. Sauti yake yote iliyobaki duniani...

Na mimi ndiye niliyebonyeza kitufe!

Ilianza hivi. Nyanya mmoja, Kukhu Pascalia, alitoka Musanda na hiyo redio akiwa ameifunga kwa leso. Ilikuwa ya Pijo pikapu ya marehemu mume wake, Mzee Osundwa, aliyoinunua kwa pesa ya miwa, zile siku miwa ilikuwa miwa. Gari lilitoka nayo kiwandani. Mzee alipokufa, kanda aliyojirekodi ilibaki imekwama ndani.

"Elkanah, mjukuu wangu mchanga hapati usingizi. Hanyonyi. Hospitali wamempima, hana ugonjwa. Tumeita majina ya wafu wetu wote."

Kama wewe si wa kwetu, elewa: mtoto mchanga akilia bila kukoma, kuna marehemu anataka apewe jina lake. Mnayaita moja moja. Likitajwa lenyewe, ananyamaza.

"Mkiita Osundwa je?"

"Ananyamazanga kidogo, anageuza kichwa kama anayesikiliza... halafu analia tena. Anataka kumsikia mwenyewe. Usiniharibie hiyo kanda, mwanangu. Mtoto anaisha."

"Kukhu, hii mikono ilifufua redio ya padri iliyotumbukia chooni!"

"Padri alikuwa anafanya nini na redio chooni?"

"Mechi ilikuwa imefika penalti."

Hata hakucheka.

Kilichoniponza ni haraka. Belti ya zamani ya kuzungusha kanda ilikuwa imeyeyuka ikawa kama lami. Nikaweka mpya, lakini lami iliyonata kwenye roller, kile kigurudumu kinachovuta utepe, sikuisafisha. Nikawasha. Kikohozi kidogo, kisha sauti nzito:

"Mimi Osundwa, mtu wa Musanda..."

Krrrrrr!

Utepe ukajisokota, ukakatika vipande.

Sasa mwanaume afanye nini? Akiri? Zii!

Nikafungua kasha la kanda, nikatia utepe mwingine niliorekodi kwa mdomo wangu: "Mimi Osundwa, mtu wa Musanda! Nimeuza miwa, nimenunua Pijo!" Sauti niliipata sawasawa. Kasha ni lile lile, lebo ya mwandiko wake ile ile. Utepe wake halisi nikausukuma mfukoni, nitautupa njiani kwenye miwa.

Nikasahau.

Kesho yake mchana nikaenda Musanda. Miwa imepanda bei tena, trekta zinapishana kama siafu. Pijo lilikuwa nyuma ya jikoni, magurudumu yamezama udongoni. Nikarudisha redio mahali pake, nikaiunga na betri ya pikipiki yangu, nikakaa kiti cha dereva. Ayuma, mama ya mtoto, akakaa kando yangu amempakata. Kukhu akasimama dirishani.

Mtoto hakuwa akilia kama watoto. Alilia kama mlango mzee unaofunguliwa polepole...

Nikabonyeza.

"Mimi Osundwa, mtu wa Musanda!"

Kukhu akaziba mdomo. "Ni yeye! Ni mume wangu!"

Mtoto akalipuka! Mayowe, mpaka midomo ikageuka rangi.

"Ongeza sauti," Kukhu akasema.

Nikaongeza. Akazidi.

"Zima!" Ayuma akapiga kelele. "Anaishiwa pumzi!"

Nikazima. Haikuzimika! Nikang'oa waya za betri.

Redio ikakatika.

Halafu, ndani ya Pijo, mtu akakohoa. Kile kikohozi...

"Mama Wanyonyi," redio ikasema taratibu, ikimwita Kukhu kama Mzee alivyokuwa akimwita. "Huyo si mimi."

Waya nilikuwa nazo mkononi, wasee. Mkononi!

"Mimi nimekatwa vipande. Niko kwa mfuko wa huyu kijana."

Mtoto akanyamaza. Akageuza kichwa, na hakuitazama redio. Alinitazama mimi. Kisha akatafuta titi, akanyonya.

Kukhu hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Elkanah, ungeniambia imekatika, ningelia, yaishe. Mwenye kosa anaongeanga kabla marehemu hajaongea."

"Kukhu, haki ya Mungu, mfukoni sina kitu!"

Ayuma akaninyooshea kidole.

Nikatazama chini. Utepe wa kahawia ulikuwa umetoka mfukoni mwangu, umepita juu ya kiti... na ncha yake mtoto alikuwa ameishika, ngumi imefungwa kabisa.