Poda Kabla ya Kuuliza

Ndugu zangu wa Katuba, sikieni yaliyompata jirani yetu Yuma, fundi cherehani. Ilikuwa mwezi wa saba. Yuma anashona, mkewe Habiba anakaanga mikate, nyumba imetulia. Mara binti yao Mawazo akatokea, anatoka chuoni kuchukua matokeo ya mwaka wa kwanza.

Basi tena! Mnajua mambo yetu. Kabla hajafungua kinywa, mashangazi walishammwagia poda ya pongezi kichwani, vigelegele hadi barabarani. Nani alimuuliza kama amepita? Hakuna! Mtoto alikuwa na asilimia arobaini na saba, na kupita ni hamsini; akaona haya kusema.

"Mwaka unaokuja nitahamia chuo kingine," akasema tu. Alidhani huko ataanza upya, pointi za zamani zisahaulike. Baba naye, kwa furaha, akapanga kumpeleka Kambove likizo yote, bibi yake amwone msomi.

Mawazo akaenda kwa siri kwenye chuo kile kipya. Aliyempokea ni mwandikishaji wa wanafunzi, Citoyen Kalaba, na mzee yule namshukuru mpaka leo. Angeweza kudai matabishi, ile hongo yetu, ampitishe kwa mlango wa nyuma. Hakudai.

"Mwanangu, na hizi pointi hatuwezi kukupokea," alimwambia. "Lakini kwenu seconde session iko mu mwezi wa tisa. Rudilia mitihani. Ukipita, kuya hapa kwetu, utaingia mwaka wa pili. Ukikosa, utaanza tena mwanzo."

Sasa Kambove au mitihani? Ikabidi aseme. Akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Papa, sikupita. Nilisikia haya kusema."

Yuma akaacha cherehani. Habiba akajua leo mtoto atapigwa, akaanza kulia.

"Kambove itangoja," Yuma akasema. "Ikala chini, usome."

Kisha mtu yule, na maringo yake yote tuliyoyazoea, akapita mlango kwa mlango. "Mutoto wangu hakupita. Iko anasoma. Tafazali, musimusumbue." Kwangu pia alifika, jasho linamtiririka, hanitazami usoni.

Mwezi wa tisa Mawazo akapata sitini na moja, akapokewa mwaka wa pili kule alikotaka. Alhamdulillahi!

Funzo

Wazazi, ulizeni kwanza, ndipo mshangilie. Nanyi wanafunzi, kuhama chuo hakufuti pointi, zinakufuata ulipo. Semeni ukweli mapema, wakati bado kuna la kufanya. Namshukuru Mungu kwa ajili ya Kalaba, lakini zaidi kwa ajili ya Yuma, aliyekubali kuaibika mbele yetu sote ili binti yake asome.