Mapipa ya Mama Tregenza

Haya yalimfika rafiki yangu Keziah, mpika bia wa kule Kapunda, Australia. Mjane Tregenza, mwenye kiwanda, alizikwa asubuhi, na kabla udongo haujakauka shemeji yake Jabez alikwishafuta jina la marehemu kwenye ubao wa kiwanda.

"Shuka ghalani ulete pipa, waombolezaji wana kiu," Jabez aliamuru. "Mwanamke alijua nini kuhusu bia?"

"Kama hakujua, mbona umeinywa miaka yote bila haya?" Keziah akamjibu.

Keziah akashuka gizani na mshumaa. Marehemu alizoea kupima mapipa kwa nyundo ya mti: mara mbili za haraka, moja ya polepole. Pipa lililojaa huguna, lililo tupu hulia kwa mwangwi. Keziah akagonga vivyo hivyo. La kwanza likalia. La pili likalia. Aliyajaza mwenyewe juzi! Vizibo vilikuwa vimekazwa, sakafu kavu.

Jabez, aliyesikia mlio wa mapipa matupu, akashuka akifoka. "Wezi wakubwa nyie!" Akampokonya nyundo, akaligonga pipa la mwisho mara moja. Likaguna.

"Si hili hapa limejaa!"

Likagongwa kutoka ndani: mbili za haraka, moja ya polepole.