Blauzi ya Bluu ya Studio

Mimi kazi yangu ni kupiga picha za pasipoti. Studio yangu ina kiti kimoja, pazia jeupe na blauzi ya bluu ya kuazimisha wateja. Kifungo chake cha juu kilikatika zamani, nikapashikiza kwa pini. Kutwa nzima nasema yaleyale: "Kaa wima. Tazama hapa. Usicheke."

Jumatatu moja aliingia kaka yangu, fundi viatu, pamoja na binti yake. Waliletwa na mteja wangu mzuri, wakala wa kazi za nje. Mtaani tunamwita Mkombozi. Alikuwa ameshaniletea wasichana saba. Aliagiza picha za viza, akasema atazifuata kesho, akaondoka.

"Shangazi, nasafiri Jumamosi!" binti akasema.

"Kufanya kazi gani?"

"Ya hoteli."

"Hoteli gani?"

Akamtazama baba yake.

"Mkataba umeusoma?"

"Mkombozi anasema nitausaini hukohuko."

"Na pasipoti yako iko wapi?"

"Anayo yeye. Anasema mimi nitaipoteza. Viza anayoniombea ni ya matembezi. Nikiulizwa uwanja wa ndege, niseme naenda harusi ya shangazi yangu."

"Shangazi yako si mimi hapa? Naolewa na nani?"

Kaka akanuna. "Dada, huo ni wivu. Mtoto kapata riziki, wewe unamtia mkosi."

Jamani! Mtu huyu hanunui soli bila kuikunja mara tatu. Lakini mtoto wake wa kumzaa anamtoa bila kujua hata jina la mwajiri! Nikamwambia hivyohivyo, mbele ya mwanawe.

Akamgeukia mwanawe. Kisha hasira zikampanda, akatoa simu. "Nampigia huyo Mkombozi sasa hivi! Atanitambua!"

Nikamnyang'anya. "Ukimfokea atatoweka na pasipoti! Hebu tumia akili, kaka!"

Tukaenda polisi. Alitupokea afande mmoja mama, anayeshughulikia kesi za usafirishaji haramu wa binadamu. Binti alikuwa analia.

"Afande, nitafungwa? Nilikubali kusema uongo."

"Hapana, mwanangu. Tunayemtafuta ni aliyekudanganya. Sikilizeni. Anayekwenda kufanya kazi huenda na viza ya kazi. Mkataba anausoma kabla ya kuondoka. Wakala wa kweli anajulikana ofisi ya kazi, nendeni mkaulize. Pasipoti anaishika mwenyewe, na nakala anaiacha nyumbani. Mkimshuku mtu, msimfuate wenyewe. Njooni kwetu mapema."

Akataka kuziona picha za wale saba. Tukarudi naye studio, nikamfungulia kompyuta. Wote walikuwa wamevaa blauzi yangu, yenye pini ileile. Niliona aibu. Wote saba niliwaambia wasicheke, lakini hata mmoja sikumwuliza anakwenda wapi.

Kesho yake Mkombozi akaja. "Picha tayari, mama?"

"Mashine inasumbua. Kaa kidogo."

Akakaa. Askari wawili waliojifanya wateja wakasimama, wakamkamata. Katika mkoba wake mlikuwa na pasipoti ya binti yetu na nyingine tano. Siku hiyohiyo polisi walikwenda kwenye nyumba aliyopanga. Waliwakuta wasichana watano, mlango umefungwa kwa nje. Wawili walikuwa wameshasafirishwa. Picha zao zilitumwa kwa polisi wa nchi waliyopelekwa.

Sasa binti yetu anasomea mapishi. Akitaka kazi ya nje, ataanzia ofisi ya kazi. Baba yake naye amekuwa kero. Anakuja studio kuwahoji wateja wangu. Juzi alimwuliza babu mmoja aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho: "Mzee, mwajiri wako nani?" Nimechoka naye, lakini simkatazi.

Mwezi uliopita aliingia msichana na mama yake. Msichana alikuwa amekonda, hata sikumtambua. Kumbe ni mmoja wa wale wawili. Polisi walimpata, wakamrudisha. Alitaka picha ya kitambulisho. Nami kwa mazoea nikamtolea ile blauzi.

Akarudi nyuma. "Hiyo hapana, mama. Nipige na nguo zangu."

Nilimpiga na nguo zake. Alipoondoka niliichana ile blauzi, ikawa tambara la kupangusia sakafu.

Wa pili bado hajapatikana. Picha yake nimeibandika ukutani, mbele ya kiti. Siku hizi, kabla sijamwambia mtu akae wima, namwuliza kwanza anakwenda wapi.