Kitambaa cha Mama Wariara

Ilikuwa siku ya soko Kibwezi, mwaka wa tisini na nane. Wariara alisimama kwenye foleni ya posta, sketi yake ya maua imepigwa pasi ikanyooka, akilalamika kwa sauti kwamba kompyuta ya ofisi yake ya kuchapa imekufa. Nyuma yake kijana wa shati la mistari akacheka.

"Haijafa, dada. Naitwa Mbuvi. Nimetoka chuo Nairobi na sidi ya Linux."

"Hiyo Linux ni dawa ama ni nini?"

"Kwa mashine, ni dawa. Kwako, bado natafuta."

Wacha wee! Foleni haijaisha, na wawili hawa washapanga kuonana kesho.

Wiki mbili Mbuvi alikuja ofisini kila siku. Linux, ile programu ya kuendesha mashine, ilikaa vizuri, lakini ilitoa maandishi tu bila picha, kwa sababu kadi ya picha haikuwa na draiva, yaani programu yake ya kuiamsha. Siku ya kuiweka hiyo draiva, mama yake Wariara alikuwa ameketi pale pale akifuma kitambaa. Kingine alichofuma kilifunika skrini mpaka mgongoni. Mashine ikauliza skrini inahimili kasi gani ya kuonyesha picha. Mbuvi alikitazama kile kitambaa cha skrini, akamtazama mama, akaandika namba alizokumbuka za skrini ya chuoni.

Skrini ikalia mlio mwembamba, ikawa giza. Mbuvi akachomoa waya haraka.

"Umeiua!" Wariara alipiga kelele. "Ratiba za kanisa zinatakiwa Jumamosi! Nikishindwa, kazi zote zinaenda Machakos, nifunge ofisi. Namba ulisoma wapi?"

Mbuvi akaanza kukunja ule waya.

"Ulibahatisha? Na kazi yangu? Toka!"

Akatoka. Wariara alilia siku nzima, na hakuwa analilia skrini peke yake.

Alhamisi simu ya ofisi ikalia. Alikuwa Mbuvi.

"Niko kibanda cha simu, Mtito Andei. Usikate, tafadhali. Mama yuko?"

"Ameenda sokoni. Unataka nini?"

"Washa mashine. Halafu inua kitambaa, usome karatasi iliyo nyuma ya skrini."

Akakiinua. "Thelathini hadi hamsini na nne. Chini yake, hamsini hadi mia na ishirini."

"Mashine ikiuliza kasi tena, ipe hizo."

Aliandika polepole huku Mbuvi akimwelekeza, akabonyeza, akafumba macho. Alipoyafungua aliona rangi, madirisha na mshale.

"Imewaka! Haki imewaka! Lakini Mbuvi, karatasi ilikuwa hapa wakati wote. Kuinua kitambaa tu kulikushinda?"

"Amekifuma mama yako, na alikuwa ameketi hapo." Sauti ikashuka. "Kwetu mtu hagusi vitu vya mama mkwe."

"Mama mkwe wa nani?"

"Wangu. Tangu ile foleni ya posta. Niliona haya kukwambia."

Wariara aliketi. Nakupenda, mjinga wewe, aliwaza, akafuta machozi kwa kitambaa kile kile.

"Wariara? Simu inakatika."

"Nikimaliza kazi ya kanisa Jumamosi, njoo."

"Peke yangu?"

"Peke yako uje kufanya nini? Njoo na baba yako."