Dawa Kwenye Pumba za Zizi la Tatu

Foleni ya duka la dawa za mifugo ilikuwa imefika mlangoni. Binti wa maabara, gauni la kijani, viatu vimejaa tope, alimtazama kijana mrefu aliyekumbatia katoni ya antibiotiki.

"Kaka, katoni nzima! Ng'ombe wako wote wanaumwa?"

"Hawaumwi. Tunawachanganyia kwenye chakula wasije wakaumwa."

"Siku wakiumwa kweli, dawa itagoma. Vijidudu vya tumboni vitakuwa vimeshaizoea."

"Dada, umekuja kununua au kuhubiri?"

Wakacheka. Kijana alisimamia mazizi ya baba yake ya kunenepesha ng'ombe, na baada ya wiki mbili alimwachia binti zizi la tatu kwa majaribio: badala ya antibiotiki, bakteria rafiki kwenye pumba, wabanane na wale sugu waliozoea dawa mpaka wawatoe. Binti akawa anakuja kila Jumatatu kuchota sampuli za kinyesi. Simu nazo zikawa hazikatiki.

"Umeoga, mpenzi?"

"Mara mbili. Bado nanuka fahali."

"Basi njoo hivyohivyo."

Mwezi wa tatu wa majaribio, majibu yakamkata binti maini: usugu wa vijidudu umepanda, na kwenye pumba kuna antibiotiki. Akampigia kijana simu.

"Umenichezea!"

"Mimi?"

"Pumba zinapita mikononi mwa nani?"

"Nipe siku mbili nichunguze."

"Nimekupa miezi mitatu!" Akakata.

Siku nne hakupokea simu zake. Ya tano, mlango wa maabara ulifunguliwa na mzee, baba wa kijana, kofia mkononi, kijana nyuma yake amenuna.

"Mwanangu, ni mimi," mzee alisema. "Zamani zizi zima liliniishia kwa kuhara. Niliogopa, nikawa nachanganya kwa siri. Huyu hakujua."

Binti alimgeukia kijana. "Nisamehe."

"Ulinihukumu kabla hujanisikiliza."

"Najua."

Kijana akashika kitasa cha mlango, akasema, "Jumatatu njoo. Tunaanza upya."

Walianza upya, wakipimana maneno kama wageni. Safari hii miezi mitatu ilipotimia, binti alimpigia kijana kabla ya mkuu wake wa maabara.

"Umeshuka! Usugu umeshuka zaidi ya nusu!"

Mzee akapokonya simu. "Mwanangu, sasa utakuja lini kama mkwe?"

Simu ikarudi kwa mwenyewe. "Umemsikia baba?"

"Nimemsikia. Wewe je, huna mdomo?"

Wafanyakazi wote wa zizi wakamtumbulia macho kijana.

"Nataka kukuoa," akasema.

"Sema tena. Ng'ombe wanapiga kelele."

Akasema tena.