Kura ya Aurore

Kila asubuhi mimi na Aurore tulichota maji mtoni kwa ajili ya bustani ya shule yetu pale Simbo. Ndoo moja, mti mmoja begani, yeye mbele mimi nyuma. Ilikuwa mwaka 1973, na familia yake ilikuwa imekimbia kutoka Burundi mwaka uliotangulia. Nilimpenda kuliko hata dada zangu, maana dada zangu walikuwa wachokozi.

Siku ya kumchagua kiranja wa darasa la sita, wagombea tulikuwa wawili: mimi, Leonia, na Bonifasi. Mwalimu Telesphory akauliza tupige kura vipi. Mdomo wangu ukawahi.

“Tupange mistari, Mwalimu! Kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka.”

Nilitaka kuwaona watu wangu kwa macho. Siku ile nilijidai kweli kweli.

Nyuma ya Bonifasi walisimama ishirini na tisa, nyuma yangu kumi na wanne. Na Aurore? Alikuwa kwa Bonifasi, ameinamisha kichwa.

Nikamfuata mbele ya wote. “Kumbe ndivyo ulivyo! Basi rudi kwenu!”

Machozi yalimtoka, akaenda zake.

Nyumbani nilimsimulia mama, nikitegemea anitetee. Akaacha kukoroga mawese.

“Kina Aurore wanalima shamba la nani?”

“La baba yake Bonifasi.”

“Na kibanda wanacholala?”

“Chake pia.”

“Nawe ukataka mtoto wa watu amkatae Bonifasi hadharani! Wakifukuzwa, utawaweka wapi? Chini ya kitanda chako?”

Niliona aibu mpaka ugali ukanishinda. Asubuhi nilikwenda na ndoo na mti wetu, nikamkuta Aurore mlangoni kwao.

“Nisamehe. Neno lile lilikuwa baya.”

“Liliniuma, Leonia,” alisema. Kisha akashika mti upande wake. Wakati wa kurudi kutoka mtoni nilifurahi nusura nimwage maji.

Shuleni nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu. “Njia ile niliitaka mimi, Mwalimu, na haikuwa ya haki. Naomba turudie.”

Bonifasi alinuna, lakini akakubali. Kila mwanafunzi, isipokuwa sisi wagombea, alipewa harage moja kwa ajili yangu na punje moja ya hindi kwa ajili ya Bonifasi. Kila mmoja aliingia darasani peke yake, akatia mbegu ya anayemtaka kwenye mtungi na ile nyingine kwenye gunia.

Mtungi ukamwagwa mezani. Mahindi ishirini na tatu, maharage ishirini.

“Mbona wangu wamepungua sita?” Bonifasi aliuliza.

Hata hivyo alikuwa ameshinda tena, nikampigia makofi, ingawa roho iliniuma. Kisha nikamnong'oneza mwalimu, “Naweza kumuuliza Aurore kama alinipa harage?”

Mwalimu Telesphory alitabasamu. “Leonia, jana tulihesabu watu, lakini woga ulikuwa umewapangia pa kusimama. Leo kila mmoja amesema la moyoni. Huo ndio uchaguzi wa haki, hata kama umeshindwa. Ukimuuliza, utakuwa umemrudisha mstarini.”

Sikumuuliza siku ile, na mpaka leo sijamuuliza.