Cherehani Saba za Shangazi

Jioni ile Kastabani alifunga duka mapema, akaenda kumtafuta mtu wa mkokoteni. Cherehani tano zilikuwa zimeshachukuliwa. Zilibaki mbili, na mnunuzi alizitaka kesho asubuhi.

Alimkuta mtu wa mkokoteni amechuchumaa, anaziba pancha.

"Ni zile za marehemu?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ndizo."

"Basi nitakuja jua likishapanda vizuri. Si kwamba naogopa. Ni mgongo wangu tu ndio unaoogopa."

Kastabani akacheka, akageuza njia kurudi. Mtaa mzima ulizijua zile cherehani, na mtaa mzima ulikuwa na la kusema juu yake. Alikwisha kuzoea.

Jina lake lilimganda tangu utotoni, alipokuwa akilala na kastabani ya shangazi yake kidoleni. Shangazi ndiye aliyemlea baada ya baba na mama kufariki. Alikuwa fundi wa kutajwa. Ungempelekea kitambaa cha gauni la harusi magharibi, na asubuhi ungelikuta limening'inia, limepigwa pasi, kila shanga mahali pake. Watu walisema ana mkono mwepesi. Wengine walisema hakuna mkono mwepesi kiasi hicho.

Yeye na Kastabani walishonea chumba cha mbele, kwa mashine za umeme. Chumba cha nyuma kilikuwa na cherehani saba za kizamani, za kukanyaga kwa miguu, nyeusi ti, sita zenye maua ya rangi ya dhahabu yaliyofifia, ya saba haina ua. Kilifungwa kwa ufunguo, na Shangazi aliuvaa ufunguo ule shingoni hata bafuni.

"Zile ni kumbukumbu," alikuwa akisema. Maneno yanaishia hapo.

Shangazi alipofariki, Baba Mdogo, ndugu yake wa mwisho, alimwita Kastabani kando.

"Ukitaka kuuza hata nyumba, uza. Zile cherehani usiziguse."

"Kwa nini, Baba Mdogo?"

"Kwa sababu nimesema."

Sasa Kastabani ni mtu ambaye ukimwambia "kwa sababu nimesema", ndiyo umempa ruhusa. Kesho yake alibandika tangazo mlangoni. Akafungua chumba cha nyuma, akafuta vumbi, akatia mafuta, akatoa bobini moja moja na kuzitupia kwenye kopo la biskuti. Uzi wake aliuona mgumu, wa ajabu kidogo. Hakuutilia maanani. Alikuwa na kazi.

Aliporudi kutoka kwa mtu wa mkokoteni, jua lilikuwa limebakiza ukucha tu. Alifungua duka, akawasha taa. Harufu ikampokea. Mafuta ya mashine, na chini yake harufu nyingine... kama nguo iliyoloa ikasahaulika kwenye beseni.

"Hodi."

Aligeuka. Mlangoni alisimama mama mfupi, gauni lake la mtindo wa zamani, limefungwa vifungo mpaka kooni.

"Karibu, mama. Shikamoo."

Yule mama hakuitikia salamu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kusema.

"Umeuza wangapi?"

"Ngapi," Kastabani alimrekebisha kwa upole. "Nimeuza tano. Zimebaki mbili."

"Wangapi," alisema yule mama.

Mama alinyoosha mkono kuelekea rafu, penye kopo la biskuti. Kidole chake cha shahada kilikuwa na matundu. Madogo, mengi, yamepita kwenye ukucha na kutokea upande wa pili. Hayakuwa na damu.

"Vyuma umevitoa nje," alinong'ona. "Sisi umetubakiza kwenye kopo."

Miguu ya Kastabani ilitaka kukimbia, lakini yeye hakuipa nafasi. Alivuta lile kopo, akalifunua. Akachukua bobini moja, akaisogeza kwenye taa.

Haukuwa uzi.

Zilikuwa nywele. Nywele za mtu, zimezungushwa kwa ustadi, safu juu ya safu. Bobini nyingine ilikuwa na nywele za mvi. Nyingine nyekundu kwa hina. Zote zilikuwa za watu tofauti.

Na kutoka chumba cha nyuma, ambacho alikifunga mwenyewe...

Tak. Tak. Tak-tak-tak.

Kanyagio lilikuwa linakwenda.

Mlango wa uani ulifunguka. Baba Mdogo aliingia bila hodi, jasho linamtiririka, ufunguo wake mwenyewe mkononi. Baba Mdogo hakumtazama yule mama. Alimpita kando kama mtu apitaye karibu na shimo alilolichimba mwenyewe.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nenda kakae kwenye kiti. Kabla giza halijaingia. Kaa tu, ukanyage kidogo."

"Nikae kwenye kiti cha nani?"

"Chako. Shangazi yako alikuandalia."

"Na hawa ni akina nani?"

"Mafundi. Walikuwa mafundi wazuri." Akatupa jicho chumba cha nyuma. "Unadhani nyumba hii ilijengwa na nini? Umesomeshwa na nini? Shangazi yako alikuwa msimamizi wao. Sasa hayupo. Zile mashine zinataka mtu, Kastabani. Zikimkosa wa kusimamia zitachukua yeyote wa damu yetu."

"Ukiwemo wewe."

Kastabani akatazama chini. Mguu wa kulia wa Baba Mdogo ulikuwa unapiga sakafu. Kisigino, vidole. Kisigino, vidole. Polepole, kama anakanyaga kitu.

Hapo ndipo woga ulipomtoka Kastabani, na mahali pake pakaingia hasira. Miaka yote aliyokula, aliyolala, aliyovaa nguo za sikukuu, kuna watu walikuwa wanashona ng'ambo ya ukuta bila kupumzika. Na alifundishwa kuita jambo hilo kumbukumbu.

Alichukua wembe wake wa kufumulia.

"Usifanye hivyo," alisema Baba Mdogo.

"Nimeshatangaza kuwa nauza vyuma. Watu sikutangaza."

Akakata bobini ya kwanza. Nywele zilifumuka zikaanguka. Nyuma yake mtu alishusha pumzi... haaa... kama mtu anayekaa chini baada ya kusimama kutwa. Duka likajaa harufu ya jasho la watu wanaotoka kazini. Akakata ya pili. Ya tatu. Kila alipokata, pumzi nyingine ilishuka. Ya sita ilipofumuka, yule mama mlangoni alishika koo, akafungua kifungo cha juu, akavuta hewa ndefu.

Ilibaki moja. Ilikuwa nusu tu. Haikuwa imejaa.

Kastabani aliziangalia zile nywele, na mikono yake ikazijua kabla yake. Jumapili kwa Jumapili, akiwa mtoto, alikaa katikati ya magoti ya Shangazi akisukwa. Nywele zilizokatikia kwenye kitana Shangazi aliziokota zote, hata unywele mmoja. "Tusiziache ovyo, mwanangu," alikuwa akimwambia. "Wachawi ni wengi."

Baba Mdogo alimpokonya.

Kwa mtu wa umri wake alikwenda upesi. Kabla Kastabani hajamfikia, alikuwa ameshaingia chumba cha nyuma na kuisukumiza ile bobini ndani ya cherehani ya pembeni, ile isiyokuwa na ua hata moja.

Gurudumu likazunguka.

Miguu ya Kastabani ikaanza kutembea.

Si yeye aliyeitembeza. Ilimpeleka hadi kwenye kiti, ikamkalisha, ikapanda juu ya kanyagio. Kiti kilimtosha. Meza ilikuwa kwenye kimo chake barabara. Tak-tak-tak-tak. Sindano ilishuka na kupanda, na kila iliposhuka kitu kilimvuta nywele kichwani kuelekea chini. Kidogo kidogo. Uso wake ulisogea karibu na sindano. Karibu zaidi.

"Usishindane nayo," alinong'ona Baba Mdogo. "Utazoea. Wote walizoea."

Kastabani alibandika kiganja juu ya gurudumu. Ngozi iliungua. Gurudumu likasuasua, halikusimama.

Lakini mkono mwingine bado ulikuwa na wembe.

"Unataka nywele?" alisema kwa meno yaliyoumana. "Haya. Chukua. Hizi hapa hazina mtu."

Akaupeleka wembe kichwani. Alianzia juu ya paji la uso, akanyoa kuelekea kisogoni, bila maji, bila kioo, damu ikichuruzika mpaka kwenye nyusi. Mafungu ya nywele yaliangukia mezani, na sindano iliyadaka kwa pupa, ikayashona juu ya mbao tupu. Yeye akaendelea. Fungu la mwisho lilipoachia, mvuto ule ulikatika ghafla, kama mtu aliyekuwa anavuta kamba na mwenzake akaiacha.

Sindano ilivunjika.

Miguu ikawa yake. Akainuka, akaing'oa ile bobini, akaifumua mpaka kikabaki chuma kitupu.

Kimya.

Hapana, si kimya kabisa. Baba Mdogo alikuwa amesimama pembeni ya ukuta, anakodolea miguu yake. Sasa ilikuwa yote miwili. Kisigino, vidole. Kisigino, vidole.

"Isimamishe," alisema. "Kastabani, mwanangu, isimamishe."

"Sijui namna, Baba Mdogo. Wewe ndiye uliyesema watu huzoea."

Baadaye angejiuliza kama alikuwa na haki ya kusema vile. Usiku ule hakujiuliza. Alimshika mkono, akamtoa nje, akamtazama akienda zake mtaani, anapanda na kushuka kama mtu apitaye kwenye ngazi zisizoonekana.

Yule mama bado alikuwa mlangoni.

"Kwangu ni nyumba ya kona, nyuma ya mashine ya kusaga," alisema. "Mwanangu bado yupo pale?"

Kastabani aliijua nyumba ile. Humo alikaa mwalimu wa chekechea, mwanamke mpole asiye na ndugu.

"Yupo, mama."

"Basi naenda kulala. Nimechoka."

Taa ilicheza mara moja, na mlango ukawa mtupu.

Asubuhi mtu wa mkokoteni alikuja jua likishapanda, kama alivyoahidi. Aliona kichwa kilichonyolewa vibaya na damu iliyokauka. Aliharakisha kupakia cherehani mbili na kuzifunga kwa kamba. Mnunuzi alizipokea kwa furaha. Kastabani alimwonyesha ubao ulioharibika, akamwambia moja haina sindano, akamwambia pia kuwa wenye kuzishonea wameacha kazi. Mnunuzi alidhani ni utani.

Habari za Baba Mdogo zilimfikia kabla ya adhuhuri. Alikuwa amekaa kitandani, miguu inakanyaga sakafu, haisimami hata akiwa usingizini. Hospitali waliupa ugonjwa ule jina refu na vidonge vya kumeza. Vidonge havikuituliza miguu.

Alasiri Kastabani alifunga kitambaa kichwani, akaenda nyumba ya kona.

Mwalimu wa chekechea alimfungulia mlango kwa upenyo tu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Samahani, dada. Sikulala," alisema. "Jana jioni kuna mtu alibisha hodi. Akaniita kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyewahi kuniita. Akasema, nifungulie, mwanangu, nimechoka." Alishika fremu ya mlango. "Ilikuwa sauti ya mama. Mama nilimzika nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilizima taa. Alikaa pale kizingitini mpaka jogoo. Analia, lakini kwa adabu, kama hataki kuwaamsha majirani." Akamtazama Kastabani. "Nilikosea?"

Kastabani aliingia, wakakaa, naye kwanza akamweleza yote, bila kupunguza. Cherehani, kopo, nywele. Jina la aliyefanya alilitaja mwenyewe: shangazi yangu, aliyenilea. Mwalimu alisikiliza mikono mapajani. Alipomaliza, jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya paa za mabati.

"Hukukosea," alisema Kastabani. "Hakuna aliyekuwa amekwambia. Lakini leo akija tutamfungulia."

"Na kama si yeye?"

Kastabani alivuta kiti, akakiweka katikati ya chumba, akakielekeza mlangoni. Akakaa.

"Basi atanikuta mimi kwanza."

Walikaa hivyo. Nje kukaanza kuwa kijivu. Mashine ya kusaga ilizimwa. Kisha vishindo vya miguu vikasikika uani, polepole, vya watu waliochoka. Mwalimu alimshika Kastabani bega.

Haikuwa miguu ya mtu mmoja.

"Hodi," ilisema sauti ya yule mama. Na nyuma yake, chini kwa chini, sauti nyingine tano: "Hodi... hodi..."

Kastabani aliinuka, akaondoa komeo.

"Karibuni," alisema, akafungua mlango wote.